Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumwelekeza Msomaji Ndani ya Tasnifu au Makala

Ukurasa huu umetokana na maswali ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoandika kwa Kiswahili na kuniletea kazi zao nizihariri. Mengi huja wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi, mwanafunzi akiwa hana tena subira ya kusikiliza. Heri ayakute hapa mapema.

Vielekezi vya ndani ni nini?

Ni maneno yanayomtoa msomaji pale alipo katika andiko na kumpeleka mahali pengine katika andiko hilohilo: "taz. sehemu ya 2.4", "kama Jedwali Na. 4.2 linavyoonesha", "mfano (12b) hapo juu", "suala hili linajadiliwa katika Sura ya Tano". Kumtaja mwandishi mwingine na mwaka wa kazi yake ni jambo jingine, kwa sababu huko unamtoa msomaji nje ya andiko lako.

Baadhi ya walimu huviita marejeo ya ndani, na hawakosei. Ila neno "marejeo" limeshakaliwa na ile orodha ya vitabu ya mwishoni, ndiyo maana hapa nimechagua kusema vielekezi. Mwanaisimu Ken Hyland, katika kazi yake ya mwaka 2005 kuhusu namna waandishi wanavyozungumza na wasomaji, anavitenga kama kundi linalojitegemea, mbali na viunganishi na mbali na maneno yanayotaja vyanzo vya nje.

Kwani kuna ulazima? Msomaji si atasoma tu kuanzia mwanzo?

Hasomi hivyo. Mtahini aliyepewa kurasa 250 na majuma machache huanza na ikisiri, akaruka hadi hitimisho, akarudi kwenye maswali ya utafiti, ndipo akaingia kwenye data kutafuta pa kukubana. Mwanafunzi mwenzako atakayeipata tasnifu maktabani miaka mitano baadaye atasoma kurasa nne tu, na hizo nne hutazichagua wewe. Wote hawa wanaingilia dirishani. Vielekezi ndivyo vinavyowaonesha sebule ilipo.

Niandike "hapo juu" au "hapa juu"?

Andika "hapo juu". Sababu yake inafaa kueleweka, maana ukiielewa utakuwa umejibu maswali mengine matano kabla hujayauliza.

Viashiria vyetu viko vya aina tatu. "Hapa" ni karibu na msemaji. "Pale" ni mbali, panapoweza kuoneshwa kwa kidole. "Hapo" ni pale tunapopajua sote wawili kwa sababu pameshatajwa. Kiashiria hiki cha -o ndicho chombo chetu cha asili cha kurejelea, na lugha nyingi hazina chombo kilichokaa sawasawa kama hiki. Ukiandika "mifano ya hapo juu" unamwambia msomaji: ile uliyokwisha kuipitia, unaikumbuka. Ukiandika "pale juu" unakuwa kama unamwonesha paa.

Kwa upande wa chini, "hapa chini" linafaa kwa kitu kinachofuata papo hapo, kwa sababu bado hakijatajwa, na kiko karibu nawe unayeandika. Wengi huandika "hapo chini" na sioni sababu ya kuwatoza faini. Unachotakiwa ni kuchagua moja na kubaki nalo.

Tunazo pia ngeli tatu za mahali, na wanafunzi wanazitupa bure. "Hapo" ni mahali mahususi: aya fulani, mfano fulani. "Huko" ni eneo pana lisilo na mipaka: "huko nyuma tuligusia suala la lahaja". "Humo" ni ndani ya kitu: "Sura ya Pili ilipitia kazi tangulizi; humo tuliona kwamba..." Mwandishi anayejua kuzibadili hizi tatu humweleza msomaji, kwa silabi mbili tu, kama anatakiwa atafute mstari, asake kurasa kadhaa, au afungue sura nzima.

Tahadhari ndogo: "dhana hii" na "dhana hiyo" si mapacha. "Hii" ndiyo tuliyonayo mkononi sasa, na "hiyo" ni ile iliyotajwa kabla. Kazi nyingi ninazoletewa zimejaa "hii" kila mahali, hata pale mwandishi anapozungumzia nadharia aliyoiacha kurasa sita nyuma na katikati ameshataja nyingine mbili. Msomaji atadhani unaisema ile ya mwisho.

Basi "hapo juu" linatosha? Namba za nini?

Linatosha kama kitu chenyewe kimo katika aya iliyotangulia au mbili kabla yake. Likivuka hapo, toa namba. Nimewahi kusoma sura ya nne inayosema "kama ilivyoelezwa hapo juu" ikimaanisha jambo lililo katika sura ya kwanza. Ni kweli liko juu, kama vile Kilimanjaro iko juu ya Tanga.

Majedwali ndiyo yanayoumbua zaidi. Ukiandika "jedwali lifuatalo", halafu programu ikaona nafasi haitoshi na kulisukuma ukurasa wa pili, kinachofuata ni aya tatu za maelezo na picha ya soko. Andika namba yake, na jedwali liende litakako.

Kuna tofauti gani kati ya "tazama", "rejea" na "linganisha"?

"Tazama", kwa kifupi "taz.", ni mwaliko wa kawaida: maelezo kamili yako kule, nenda ukitaka. Linafaa kwa mbele na kwa nyuma. "Angalia" ni vivyo hivyo.

"Linganisha", yaani "ling.", ni kazi nyingine kabisa. Unamwomba msomaji aweke vitu viwili sambamba aone vinavyofanana au kupingana. Ukimpeleka kwa "ling." akakuta kule ni maelezo yaleyale kwa urefu zaidi, umemchosha miguu.

"Rejea" ndilo linalonitia ukakasi. Kurejea ni kurudi. Mtu aliye katika Sura ya Pili akiambiwa "rejea Sura ya Tano", anarudije mahali ambako hajawahi kufika? Najua matumizi yamelegea na siku hizi "rejea" hutumika kwa kila upande, na msimamizi wako huenda asilione. Mimi hulibadilisha kuwa "tazama" kila linapoelekeza mbele.

Na ukitumia "taz.", hakikisha kule unakompeleka kuna kitu. Katika kamusi kuna ugonjwa wa kidahizo kimoja (yaani neno linalofafanuliwa) kusema "taz." cha pili, na cha pili kusema "taz." cha kwanza. Tasnifu nazo huugua: sehemu ya 2.3 inasema dhana itafafanuliwa katika 3.1, na 3.1 inasema dhana ilishafafanuliwa katika 2.3.

"Jedwali 3", "Jedwali la 3" au "Jedwali Na. 3"?

Swali hili limezua ugomvi mwingi kuliko linavyostahili, lakini lina mzizi wa kweli. Kiswahili hakipendi nomino na namba ya mfuatano zikae pembeni bila kiunganishi. Hatusemi "ukurasa kumi" tunapotaka ukurasa wa kumi. Kwa hiyo "Jedwali 3" ni umbo lililokuja na programu za kompyuta, ambazo hubandika lebo, nafasi, kisha namba.

Ukitumia kiunganishi, upatanisho wa ngeli unaamka: Jedwali la 3, Kielelezo cha 2, Mchoro wa 1, Ramani ya 4, Kiambatisho cha 2, tanbihi ya 7, ubeti wa 45. Hali ya wingi nayo inataka yake: "Majedwali ya 3 na ya 4 yanaonesha", "Vielelezo vya 2 na vya 5 vinathibitisha". Ni fasaha na yanasomeka vizuri kwa sauti.

Tatizo linakuja namba zinapokuwa za nukta. "Jedwali la 3" ni jedwali la tatu katika mfuatano. "Jedwali la 4.2" ni jedwali la ngapi? Hiyo 4.2 ni kama namba ya nyumba tu, haipangi mfuatano. Ndiyo maana kwa tasnifu zinazohesabu majedwali kwa kufuata sura, napendelea "Jedwali Na. 4.2". Kwa makala fupi yenye majedwali matatu, "Jedwali la 3" linapendeza zaidi. Kama idara yako ina mwongozo, fuata mwongozo, nami nitanyamaza.

Katika Word unaweza kuunda lebo yako mwenyewe pale unapoweka kichwa cha jedwali: andika "Jedwali Na." kama lebo mpya, na programu itaongeza namba yenyewe. Ukipendelea kiunganishi, lebo iwe "Jedwali la". Uking'ang'ania lebo ya Kiingereza iliyokuwemo kisha ubadilishe neno mojamoja kwa mkono, utakesha. Wingi ndio unaobaki kuwa kazi ya mkono, maana programu haijui kwamba "la" hugeuka "ya".

Jambo moja zaidi kuhusu Word: kwenye orodha ya kuchagua kielekezi kiseme nini, kuna chaguo la kuonesha kama kitu kiko juu au chini. Usiliguse. Linaweza kukupandikizia neno la Kiingereza katikati ya sentensi yako ya Kiswahili, na hutaliona mpaka mtahini alione.

"Sura ya Tatu" au "Sura ya 3"?

Sura kwa maneno na herufi kubwa, sehemu kwa tarakimu: "Sura ya Tatu", "sehemu ya 3.2.1". Ndivyo tasnifu nyingi zilivyozoea.

(Wanafunzi wageni wa Kiswahili hushangaa kwamba sura ya kitabu na sura ya mtu ni neno moja. Kwa asili ni maneno mawili ya Kiarabu yenye sauti mbili tofauti za s, na Kiswahili chenye s moja kikayakutanisha.)

Nigawe sehemu hadi ngazi ya ngapi?

Tatu, yaani 4.2.1, basi. Ukifika 4.2.1.3.2 msomaji hakumbuki tena yuko ndani ya nini. Ludwig Wittgenstein alichapisha mwaka 1921 kitabu ambacho sentensi zake zina namba za desimali, na humo kuna hata 2.02331. Kila namba inaonesha sentensi hiyo inatoa maelezo juu ya ipi. Yeye alikuwa na hoja ya kifalsafa katika mpangilio wake. Wewe una hojaji na watu 60 waliojibu.

Naweza kuandika "kama ilivyoelezwa awali" mara ngapi?

Jiulize kwanza kwa nini unaliandika. Mara nyingi sentensi hiyo ni ungamo: unajua umeshalisema jambo, unalisema tena, na unaomba radhi. Kama msomaji analikumbuka, futa marudio. Kama amelisahau, "awali" haimsaidii, mpe namba. Ikiwa unalirudia kwa sababu sasa unataka kulijengea jambo jipya, basi fungu lake la maneno liwe fupi na uende haraka kwenye hilo jipya: "Ukosefu wa vitabu uliooneshwa katika sehemu ya 4.1 ndio unaoeleza kwa nini walimu..."

Kuna pia mtindo wa kufungua kila sura kwa kueleza sura iliyotangulia ilisema nini, hii itasema nini, na inayofuata itasema nini, kisha kuifunga kwa kurudia hayohayo. Aya fupi ya mwanzo inatosha. Na tafadhali andika "sura inayofuata" badala ya "sura ijayo". Wiki ndiyo ijayo, yenyewe inakuja ukiwa umekaa. Sura imetulia mahali pake, msomaji ndiye anayeiendea.

Nitumie "itajadili" au "inajadili"?

Kama sura imeshaandikwa, inajadili. Wakati ujao mwingi katika tasnifu ni mabaki ya pendekezo la utafiti: "utafiti huu utatumia hojaji", "data zitakusanywa Morogoro". Ulikwenda, ukakusanya, ukarudi na malaria, na Sura ya Tatu bado inasema utakwenda. Tafuta kila "uta-", "ita-" na "zita-" katika sura tatu za kwanza. "Itajadiliwa" inaweza kubaki pale tu unapoahidi jambo la mbele katika andiko, na kila ahadi ya namna hiyo iandike pembeni kwenye karatasi. Ahadi isiyotimizwa ndiyo kasoro ambayo watahini huipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji ubishi.

Je, nielekeze kwa namba za kurasa?

Kwa rasimu, hapana. Kila aya unayoongeza inasogeza kurasa zote. Kwa makala ya jarida ndiyo kabisa usithubutu, kwa kuwa kurasa atazipanga mhariri wa jarida. Sehemu, majedwali na mifano vina namba zinazosafiri navyo, kurasa hazina. Ukilazimika, programu ikuwekee namba ya ukurasa yenyewe.

Word imeniandikia ujumbe wa kosa kwa herufi nzito katikati ya sentensi. Nifanyeje?

Ujumbe ule wa Kiingereza unasema chanzo cha rejeo hakikuonekana. Maana yake, kielekezi kilikuwa kimefungwa kwenye kichwa cha sehemu au jedwali, nawe ukakifuta kichwa hicho, au ukakikata na kukiandika upya. Kielekezi kimebaki kinamtafuta marehemu. Kifute, kiweke upya.

Ubaya ni kwamba makosa haya hujificha. Word haisasishi vielekezi kila unapoandika, kwa hiyo kwenye kioo chako kila kitu kinaweza kuonekana salama, halafu kikaharibika siku ya kuchapa. Bonyeza Ctrl na A kuchagua andiko lote, kisha F9. Tanbihi huwa hazichaguliwi pamoja na andiko kuu, ingia humo urudie. Fanya hivyo siku tatu kabla ya kukabidhi, si asubuhi ile ukiwa kwenye foleni ya steshenari.

Mimi mwenyewe niliadhibiwa na kinyume chake. Tasnifu yangu ya uzamili niliandika namba zote kwa mkono, nikijiamini. Msimamizi akaniambia nihamishe sehemu ya nadharia kutoka mwisho wa sura hadi katikati yake. Nikahamisha. Sehemu za baada yake zikapanda namba zote, na vielekezi vikabaki vinaonesha nyumba za jirani. Nilivitafuta usiku kucha, na kimoja kilinikwepa hadi leo kimo maktabani kikimpeleka mtu kwenye sampuli badala ya nadharia.

Nami naandika kwa LaTeX, ile programu ya kupanga maandishi kwa amri, naona alama mbili za kuuliza.

Endesha mara ya pili. Mara ya kwanza programu huandika namba pembeni kwenye faili la msaada, na mara ya pili ndipo huzisoma na kuzipachika. Zikibaki hata baada ya hapo, jina uliloweka kwenye \label na lile la kwenye \ref yanatofautiana kwa herufi moja. Usiyape majina kama "jedwali1", maana kesho litakuwa la nne. Lipe jina la maudhui: "jed:umri", "jed:lahaja".

Vipi kuhusu supra, infra na ibid.?

Achana nayo. *Supra* na *infra* ni Kilatini cha "juu" na "chini", na sisi tunalo "hapo juu" lenye maana nyingi zaidi. Kwa *ibid.*, yaani "palepale", kuna kifupisho chetu, k.h.j., kama hapo juu. Lakini ukiwa unanukuu kwa jina na mwaka hutakihitaji popote.

Mambo haya si ya kuletwa tu na vyuo vya Ulaya?

Mtindo wa tasnifu umekuja na vyuo, ndiyo. Haja ya kumwelekeza msomaji ni ya zamani na ya wengi. Katika karne ya 4, Eusebio, askofu wa Kaisaria huko Palestina, alizigawa Injili nne katika vipande vyenye namba na kutengeneza majedwali kumi yanayoonesha kisa kilichomo katika Injili moja kinapatikana wapi katika nyingine. Alifanya hivyo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Robert Estienne kuweka namba za aya za Agano Jipya mwaka 1551. Wanakili wa miswada ya Kiarabu nao walikuwa na desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika zijulikane zinavyofuatana.

Ufaransa, ensaiklopedia ya Diderot na d'Alembert iliyoanza kutoka mwaka 1751 iligeuza vielekezi kuwa silaha. Kidahizo cha watu wanaokula watu kilimalizika kwa kumwambia msomaji atazame Ekaristi, Komunyo na Altare. Mhakiki wa serikali angeweza kusoma kila makala na asione tusi, kwa kuwa tusi lilikuwa limewekwa njiani kati ya makala na makala.

Na kama unataka kielelezo cha Kiswahili sanifu, fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Imejengwa kwa sura, ibara na ibara ndogo, na kila inapohitaji kujitaja hutaja kwa namba: ibara ndogo ya ngapi, ya ibara ipi. Hakimu hawezi kupewa "kama ilivyoelezwa huko nyuma".

Natoa makala kutoka kwenye tasnifu yangu. Kuna la kuangalia?

Tafuta neno "sura". Makala haina sura, lakini zaidi ya nusu ya makala za namna hii ninazoletewa zina "kama ilivyobainishwa katika Sura ya Pili" mahali fulani. Tafuta pia "Kiambatisho", "tasnifu hii" na namba za majedwali: kama lako la kwanza linaitwa Na. 4.3, mhariri wa jarida atajua mara moja umekata kwa mkasi.

Nakagua vipi kabla ya kukabidhi?

Chapa kwenye karatasi. Pitia na kalamu nyekundu ukizungushia kila "taz.", "hapo", "sehemu ya", "Jedwali", "Kielelezo" na "mfano". Kisha mpe rafiki ambaye hajaisoma kazi, achague vielekezi kumi bila mpango na kuvifuata, wewe ukiwa kimya. Asipofika, usimwelekeze kwa mdomo, rekebisha karatasi. Baada ya hapo geuza upande: chukua orodha ya majedwali na viambatisho, hakikisha kila kimoja kimetajwa angalau mara moja ndani ya maelezo, na kimetajwa kabla hakijatokea. Kisichotajwa popote, kitoe.